Mikono ya Binti wa Lucinda

Nimekuwa nikiwapima wasichana wa shule kwa miaka ishirini na miwili, na wengi nawajua kabla hawajavua koti la mazoezi. Sisemi hivyo kujisifu. Fundi wa matairi akigonga tairi kwa ngumi anajua lina upepo kiasi gani, na mimi ni vivyo hivyo. Nikimtazama binti anavyoshuka kwenye basi la shule, anavyokaa benchi akitolewa, anavyomrudishia refa mpira, huwa nimeshajua kama ataweza kucheza chuo au atabaki kuwa nyota wa kwao. Nimekosea mara tatu tu. Majina ya hao watatu ninayo, na sijawasamehe.

Mimi ni Roberta Knepp. Wachezaji wananiita Kocha Bobbie, nami ni msaidizi wa kocha mkuu wa timu ya mpira wa kikapu ya wasichana katika chuo kidogo kusini mwa Indiana. Kocha mkuu ni Wendell Prickett, mtu mwema, ila anapenda urefu kama wengine wanavyopenda sukari. Msimu huo wa baridi tulikuwa tumebakiwa na nafasi moja ya ufadhili, na yeye alishampata wake: msichana wa Fort Wayne aitwaye Kamryn Oberle, futi sita na inchi tatu, wa kubadilisha balbu bila ngazi.

"Mikono yake mizito," nilimwambia. "Akipewa pasi utadhani kapewa chungu cha moto."

"Urefu haufundishwi, Bobbie."

"Na mikono inafundishwa?"

"Haya, nitafutie mwenye mikono basi. Una mpaka Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu. Ikipita hapo nampigia simu mama yake Kamryn, na sitaki kununiwa."

Ndipo nikaenda Saint Ottmar.

Hapa lazima nitoe siri yangu, maana nisipoitoa mimi wataitoa wengine. Mwaka 1985 nilikuwa na miaka kumi na saba, nikichezea shule ya Wheeler's Fork, maili thelathini kutoka Saint Ottmar. Tulikutana nao kwenye fainali ya wilaya, katika ukumbi wao. Zilibaki sekunde nane, tuko nyuma kwa pointi moja, mpira ninao mimi. Nikashuka upande wa kushoto nikidunda, njia nyeupe mbele yangu, nikaona kabisa pale nitakaporukia. Kisha mpira haukuwa mkononi mwangu. Lucinda Betz, jezi namba kumi na mbili, alikuwa nao, na sikuona hata mkono wake ulipopita. Baba alinirudisha nyumbani maili zote thelathini bila kuwasha redio.

Tangu siku ile nikaamini kwamba kwenye mchezo huu kuna mikono, na mengine yote ni mapambo. Nimewachagua wachezaji kwa imani hiyo, nimewafukuza kwa imani hiyo, na imenipa jina. Kwa hiyo kocha wa Saint Ottmar aliponiandikia kwamba binti wa Lucinda, wa mwisho katika watoto sita, yuko mwaka wa mwisho na hakuna chuo hata kimoja kilichokwenda kumtazama, sikungoja kumaliza barua.

Ilikuwa Jumamosi, mchezo wa saa nane mchana, theluji imerundikwa pembeni mwa barabara mpaka kwenye visanduku vya barua. Saint Ottmar ina watu elfu moja na mia nane, na ukumbi wake una viti elfu tatu. Sisi kwetu hilo halimshangazi mtu. Nilinunua mkate wenye nyama ya nguruwe ya kukaanga, ile iliyopondwa mpaka inazidi mkate kwa pande zote, nikapanda mpaka juu kabisa kwenye kona. Huwa sikai karibu na wazazi. Wazazi hutia chumvi.

Kazi yangu naifanya kwa daftari. Nachora uwanja ukurasa mzima, na kila jambo linapotokea natia alama palepale lilipotokea: duara kwa mtupo, mstari kwa pasi, msalaba kwa mpira ulioporwa. Vijana wa siku hizi wanarekodi kila kitu kwa video. Waacheni wafanye.

Maren Hagedorn alivaa namba kumi na mbili, kama mama yake. Futi tano na inchi saba. Mbio za kawaida, mtupo wa kawaida, na akiruka hakuna aliyeshtuka. Kwa dakika tano nilianza kujuta mafuta ya gari. Halafu mpinzani mmoja akashuka na mpira upande wa kushoto, Maren kando yake, na ghafla mpira ukawa wa Maren. Baada ya muda, mwingine. Kisha mwingine. Kufika mapumziko nilikuwa na misalaba mitano, na chakula changu kimepoa sijakigusa.

Nilimpigia Prickett palepale.

"Nimempata."

"Ana futi ngapi?"

"Tano na inchi saba."

"Bobbie, bwana."

"Kapora mipira mitano nusu mchezo, Wendell. Mitano. Ni mikono ya mama yake, ileile."

"Mama yake ni nani?"

"Hayakuhusu. Kamryn mwambie aanze kutafuta chuo kingine."

Mzee aliyekaa mstari wa mbele yangu akageuka. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye kofia, fundi wa viti kama nusu ya wanaume wa mji ule, na baadaye nilijua anaitwa Cletus Verkamp.

"Wewe si yule wa Wheeler's Fork?" akasema. "Yule aliyepoteza mpira?"

"Miaka thelathini na minane, mzee wangu. Bado tu mnakumbuka?"

"Sasa tukumbuke nini kingine, mama? Hapa hamna sinema."

Akageukia uwanja, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Niliona amecheka zaidi ya utani wenyewe, lakini nilikuwa na furaha mno hata nisijali.

Mchezo uliisha Maren amepora mipira tisa. Nilishuka chini, na yeye akanifuata mwenyewe, taulo shingoni, akaniuliza bila kuzunguka.

"Umenionaje, Kocha?"

"Unataka kusoma nini?"

"Ualimu wa hesabu. Na ukocha, nikipata." Akajifuta uso. "Lakini Juni naanza kiwandani, kupiga vanishi viti. Fomu nishaijaza. Sitaki, ila nishaijaza. Nyumbani tuko sita, wa kunilipia chuo hayupo."

Kwa miaka ishirini na miwili sijawahi kumwahidi binti kitu siku ya kwanza. Ni sheria yangu, nami ndiye niliyeitunga.

"Hiyo fomu usiipeleke kwanza," nikamwambia.

Alinitazama kama mtu aliyepewa kitu akaogopa kukishika. Nyuma yake akaja Lucinda, nywele zimeingia mvi, mkono mbele.

"Bobbie Knepp. Karibu tena."

"Ahsante. Na ahsante kwa mikono uliyompa binti yako."

Lucinda akawa mwekundu mpaka masikioni, akatazama chini. Nikadhani ni fahari ya mama.

Kesho yake, baada ya kanisa, nilikaa jikoni kunakili mchoro wangu vizuri kwa ajili ya Prickett. Nilianza na misalaba. Wa kwanza, upande wa kushoto, hatua nne baada ya mstari wa katikati. Wa pili, hapohapo. Wa tatu, hapohapo. Katika misalaba tisa, saba ilirundikana sehemu isiyozidi ukubwa wa meza ile niliyokuwa naandikia. Mikono haichagui pa kupora. Mwenye mikono anapora popote. Nikaweka kidole juu ya rundo lile la misalaba, nikatazama bendera ya ubingwa wa 1967 niliyokuwa nimeichora pembeni kama alama. Nilikuwa naijua bendera ile. Niliiona kwa jicho la pembeni sekunde nane kabla mchezo wa 1985 haujaisha.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Kisha nikaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa visafi.

Jumanne nilifika Saint Ottmar kabla ya mazoezi. Ukumbi ulikuwa mtupu. Nilichukua mpira kwenye kapu, nikausukuma chini katikati ya uwanja, ukarudi kiunoni vizuri. Nikashuka kushoto nikidunda taratibu. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne, chini ya bendera, mpira ukatoa sauti ya mto wa kulalia, ukapanda mpaka gotini, ukachoka. Nikajaribu tena. Gotini. Nikajaribu mara ishirini, nakuambieni, na mara zote ishirini mpira ulifia palepale.

"Umepagundua," sauti ikasema. Maren alikuwa mlangoni na begi lake.

"Ubao umekufa."

"Ndiyo. Boriti ya chini yake imelegea, tangu enzi za babu. Sakafu ilipokwanguliwa upya, Mzee Verkamp aliambiwa aparuke hapo."

"Na nani anajua?"

"Watu wa hapa."

"Wangapi?"

Akafikiri. "Wote. Hata padri."

Damu ilinichemka. Nasema wazi, nilitaka kuurusha ule mpira kwenye kioo cha dirisha. Miaka thelathini na minane nimejilaza usiku nikiutazama mkono wangu wa kushoto, nikiulaumu, nikijiuliza uliteleza vipi. Nimejenga kazi yangu yote juu ya mikono ya Lucinda Betz. Kumbe ni ubao. Ubao, na mji mzima wa maseremala wenye nyundo na misumari waliokubaliana kutoutengeneza. Na mbaya zaidi, nilikulia ukumbi wa aina ileile. Kwetu Wheeler's Fork kona ya kulia ilikuwa na baridi, mpira haukudunda vizuri mpaka robo ya pili, na sisi tuliwaachia wageni waanze upande huo. Nilipaswa kujua kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Kwa hiyo huna mikono," nikamwambia.

"Sijawahi kusema ninayo. Nyie ndo mlisema."

"Usinijibu hivyo."

"Samahani, Kocha. Lakini ubao haumpori mtu." Akaweka begi chini. "Lazima mtu afike pale. Uwanja mzima huu, na yeye afike pale, na adundie pale. Hawafiki wenyewe."

"Unawafikishaje?"

"Inategemea na mtu. Kuna wa kumwachia njia tu, anajipeleka. Kuna wa kumchokoza mpaka akasirike. Yule namba nne wa Jumamosi alikataa robo nzima. Nikamwachia kulia mara tatu, akafunga zote tatu. Akaanza kuona mimi si kitu. Ya nne nikamfungulia kushoto."

Nilifungua daftari. Robo ya pili, upande wa kulia, maduara matatu ya namba nne, na pembeni yake maandishi yangu mwenyewe: *mvivu akipitwa kulia*. Chini yake, msalaba. Nilisoma mistari ile kama barua ya mtu mwingine.

"Na hii miwili?" nikamwonyesha misalaba iliyokuwa mbali na rundo.

"Wale walikuwa wamechoka," akasema Maren.

Nilikaa kwenye benchi. Hasira bado ilikuwepo, sikatai, lakini kitu kingine kilikuwa kimeshaamka, kile kinachoniamka mara moja kwa miaka mitano au sita. Binti huyu alimnunua mpinzani kwa pointi sita ili amuuze mbele ya safari. Mimi nilikaa juu kule na kalamu yangu, nikaandika mvivu.

Nilimpigia Prickett nikamweleza ukweli wote, na ubao wake. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo unaniletea binti pamoja na sakafu? Hiyo sakafu nitaipandishaje kwenye basi?"

"Anasoma watu, Wendell. Sakafu ni kisingizio tu."

"Jumamosi ulisema mikono. Leo ni kusoma. Ijumaa itakuwa nini, anaimba?"

"Mwite umjaribu."

Chuo chetu ni kidogo, na sheria zetu zinaruhusu kumjaribu mchezaji uwanjani.

"Jumapili," akasema. "Sakafu yetu ina miaka miwili, haina kasoro hata ya sindano. Dakika ishirini na Deshawna. Akimpora mara mbili, nafasi yake. Asipompora, Jumatatu asubuhi nampigia mama yake Kamryn, na wewe usiniletee tena mtu yeyote wa mji ule."

Deshawna Pruitt alikuwa mwaka wa mwisho, mtoto wa mji wa Gary, mwepesi kuliko msichana yeyote niliyewahi kumfundisha. Msimu ule wote alikuwa ameporwa mara kumi na moja, na kila moja alikuwa bado anaibishia.

Jumapili Lucinda alimleta binti yake kwa gari, akapanda kukaa peke yake katikati ya viti vitupu. Maren hakunyoosha misuli, hakutupa mpira kikapuni. Alichukua mpira akaanza kutembea, akidunda, mstari kwa mstari, kona kwa kona, kichwa ameinamisha kama anasikiliza mlango.

"Anapima kiwanja akauze?" Prickett akaniuliza.

Ilimchukua dakika kumi. Kisha akaja pale nilipokuwa.

"Hamna kitu," akasema kwa sauti ndogo. "Yote imelala sawa."

"Nilikwambia."

"Nilitaka kuhakikisha." Alitazama juu kwa mama yake. Hapo ndipo nilipoogopa, mara moja tu katika jambo hili lote. Nilikumbuka ile fomu ya kiwanda, na mimi ndiye niliyemwambia asiipeleke.

Wakacheza watano kwa watano, Maren akimkaba Deshawna. Mara ya kwanza Deshawna alimpita kushoto akafunga. Mara ya pili kulia, akafunga. Mara ya tatu katikati.

"Mdogo wangu, unanikaba au unanisindikiza?" Deshawna akamuuliza akirudi.

"Nakusindikiza, dada. Endelea."

Wachezaji wengine wakacheka. Prickett hakucheka, alikunja mikono kwenye kiti chake cha kawaida, kile cha kwanza kwenye benchi, na kunitazama kwa huruma, jambo linaloniudhi kuliko matusi. Dakika saba zikapita, nane. Maren hajagusa mpira hata mmoja. Mimi nilikuwa nimefungua daftari, lakini safari hii sikuchora mpira. Nilichora alikoachiwa Deshawna apite. Kushoto mara tatu, kulia mara tatu, katikati mara mbili, mbali, karibu. Hakuna njia iliyorudiwa bila sababu. Maren alikuwa bado anatembea ile sakafu na kudunda, ila sasa alidundia juu ya Deshawna.

"Tulia," nikamwambia Prickett.

"Nimetulia. Aliyesimama ni wewe."

Kweli nilikuwa nimesimama. Dakika ya kumi na moja Deshawna akashuka upande wa benchi, Maren akamwachia njia ile, akamfuata ubavuni. Walipofika mbele yetu Maren akanyoosha mkono, wa kawaida kabisa, wala hakuwa na haraka, akauchukua mpira kama mtu anayepokea chenji. Deshawna akabaki akidunda hewa.

"Bahati," Prickett akasema.

Dakika ya kumi na tatu, hapohapo mbele ya benchi, akaupora tena. Ya kumi na tano Deshawna akakwepa upande ule kabisa, akapita kulia akafunga, akapita kulia tena akafunga, akaanza kutabasamu, na nikaona mtego unavyotegwa, nikauma kalamu nisiseme. Safari iliyofuata kulia kukafungwa, upande wa benchi ukawa wazi, akaja. Mpira wa tatu. Safari hii hata refa, ambaye ni mtunza ukumbi wetu, alipuliza filimbi bila sababu.

Prickett alisimama. Deshawna akaja na mikono kiunoni, amekasirika kwelikweli.

"Ananifanyaje huyu? Niambieni basi."

"Sema mwenyewe, binti," Prickett akamwambia Maren. "Sakafu yangu haina ubao uliokufa. Umefanyaje?"

Maren akanitazama mimi kwanza. Nikamwitikia kwa kichwa.

"Upo mmoja, Kocha," akasema. "Uko hapo mbele ya kiti chako. Dada Deshawna akifika hapo anakutazama, aone kama umemwonyesha ishara ya mchezo. Ni kidogo sana. Lakini akikutazama, mpira unapanda juu kuliko kawaida, na hauangalii."

Miaka minne Prickett alikaa kwenye kiti kile akionyesha ishara kwa vidole, na miaka minne mimi nilikaa pembeni yake na daftari langu. Ile mipira kumi na moja ya Deshawna niliichora mwenyewe. Sikuhitaji kufungua kurasa zile. Nilijua misalaba ilikuwa wapi.

Wa kwanza kucheka alikuwa Deshawna.

"Kocha," akamwambia Prickett, "yaani wewe ndo unayeniporesha mipira?"

Prickett alikaa. Alijipapasa kidevu kwa muda mrefu, uso umemwiva. Alipozungumza alizungumza na mimi.

"Mikono?"

"Ya kawaida kabisa," nikasema.

"Mbio?"

"Za kawaida."

"Na bado unamtaka."

"Nikiwa na nafasi kumi nampa ya kwanza. Ninayo moja, nampa hiyohiyo."

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa koti. Alikuwa amekuja nazo mbili zilizoandikwa tayari, moja ya Kamryn na moja haina jina. Akatafuta kalamu, hakuiona, nikampa yangu. Maren alitazama jina lake likiandikwa herufi baada ya herufi, kisha akafunika uso kwa taulo, na Deshawna ndiye aliyemshika bega.

Mimi nikapanda ngazi kwenda kwa Lucinda. Alikuwa ameshika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, na hakujifuta. Nikakaa kiti kimoja mbali naye.

"Amepata," nikasema.

"Nimeona." Akavuta pumzi. "Maren kaniambia ulipagundua."

"Jumanne."

"Nilitaka kukwambia. Nakuapia, Bobbie. Tulipokutana kwenye ile harusi ya kina Eckerle, nilikufuata mpaka kwenye meza ya keki. Nikaogopa. Mji mzima, unajua tena."

"Najua. Hata padri."

Alicheka katikati ya machozi, kisha akaacha, akanigeukia na kunitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ulikuwa umeshanipita," akasema. "Siku ile. Nilikuwa nyuma yako hatua nzima. Mpira ulijifia wenyewe, mimi niliuokota tu. Bila ule ubao ungefunga, ubingwa ungekuwa wenu. Mimi nimelijua hilo siku zote."

Nilikuwa na miaka hamsini na mitano, na nilitamani sana baba yangu awe hai nimpigie simu. Chini, Maren alikuwa ameshika kalamu yangu, ameinama juu ya meza ya waamuzi, akisoma karatasi yote kuanzia juu kabla ya kutia sahihi, mstari kwa mstari.

"Wewe nilikuwa nimekupita," nikamwambia Lucinda. "Lakini huyo mwanao nisingempita. Hata kwenye sakafu hii."

Lucinda akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ni ile fomu ya kiwanda. Akaniwekea mkononi, nami nikaichana.